Orodha Iliyorudi Tupu

Swali nililoiuliza kompyuta nalikumbuka hadi leo, herufi kwa herufi:

SELECT jina, kijiji FROM watoto
WHERE kuzaliwa <= '2015-05-15'
AND namba NOT IN
(SELECT namba_ya_mtoto FROM chanjo WHERE aina = 'surua2');

Ilikuwa Novemba 2016, msimu wa korosho, nami nikiwa mafunzoni katika kituo cha afya kimoja kusini mwa Tanzania. Nilikuwa nimemaliza kuingiza madaftari ya kliniki ya watoto kwenye kanzidata ya MySQL, yaani programu ya kuhifadhi taarifa kwa majedwali. Yalikuwa mawili: la watoto na la chanjo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtoto keshaanza kukimbia, hana homa, mama ana shamba linamngoja. Muuguzi wa chanjo alitaka majina ya watoro ili wahudumu wa vijijini wawafuate nyumbani.

Nikabonyeza. Haukurudi hata mstari mmoja.

Niliamini. SQL, lugha niliyoandikia swali lile, ilibuniwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM na Donald Chamberlin na Raymond Boyce mwaka 1974, wakitaka hata asiyejua kuandika programu aweze kuiuliza kanzidata, na kweli swali langu lilisomeka kama sentensi ya kawaida: nipe watoto ambao namba zao hazimo miongoni mwa waliochanjwa. Mashine haikulalamika kosa lolote. Nikaenda chumba cha sindano.

"Shikamoo mama. Hatuna mtoro hata mmoja."

"Marahaba." Aliweka kalamu chini. "Mwanangu, kuna mtoto wa yule mama muuza samaki wa pale stendi. Tangu sindano ya miezi tisa sijamtia machoni. Humo kwenye kompyuta yumo?"

Nilirudi kumtafuta. Kwenye jedwali la watoto alikuwepo. Kwenye jedwali la chanjo, surua ya pili hakuwa nayo. Kwa hiyo alipaswa kuwa kwenye orodha yangu, na hakuwemo. Mikono iliniingia baridi, kwa sababu ile sifuri ningeituma wilayani jioni ileile.

Nikalivunja swali vipande. Nikaendesha lile la ndani peke yake, la kwenye mabano, nikayapanga majibu yake kwa ORDER BY. MySQL ikipanga kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, NULL, alama ya nafasi isiyojazwa, hutangulia, na pale juu kabisa, mbele ya namba zote, ilikaa moja. Mtu alichanjwa surua ya pili na namba yake haikuandikwa.

NULL si sifuri, wala si neno lisilo na herufi. Ni pengo: kuna kitu hapa, hatukijui. NOT IN, ile "hazimo miongoni mwa" ya swali langu, humpitisha kila mtoto kwenye namba zote za waliochanjwa, moja moja. Je, namba yako ni tofauti na 14? Kweli. Ni tofauti na 15? Kweli. Ni tofauti na NULL? Hapo jibu si kweli wala si uongo, ni "haijulikani". Na WHERE haimruhusu yeyote ila yule ambaye majibu yake yote ni kweli. Basi pengo moja lilikuwa limewafuta watoto wote wasiochanjwa, wa kila kijiji, kimyakimya. Kimya hicho ndicho kilichonitisha. Bora mashine ingepiga kelele.

Niliandika upya kwa NOT EXISTS, ambayo huuliza jambo jingine: je, upo mstari wa surua ya pili wenye namba ya mtoto huyu? Haupo, basi aingie. Mstari wenye pengo haulingani na mtoto yeyote, hivyo haumzuii yeyote. Yakarudi majina 23. La mtoto wa muuza samaki lilikuwa la tatu.

Nilichapa karatasi, nikampelekea. Alisoma kwa kidole, polepole, akitaja kila kijiji kwa sauti. Kufika jina la kumi na tisa kidole kikasimama.

"Huyu hapana. Huyu nimemchanja kwa mkono wangu, siku ile ya mkoba, nyuma ya ghala la korosho. Mama yake alisahau kadi nyumbani."

Tukatazamana. Alifungua daftari la huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu vijijini kwao, na kweli, mstari ulikuwepo: tarehe, surua ya pili, jina moja tu la mtoto, na pale pa namba patupu. Ndiye alikuwa pengo langu. Nilikuwa nimeliingiza mwenyewe wiki mbili kabla, nikaruka ile nafasi na kuendelea na mstari uliofuata.

Alinitajia namba kutoka kwenye rejista kubwa, akairudia mara mbili. Nikaiandika mahali pake, nikaendesha swali tena. Majina 22. Alikunja karatasi mpya, akaitia mfuko wa gauni, akatoka uani kumwita mhudumu mwenye baiskeli.