Nilivyofuatilia bili ya operesheni ya bega mpaka bima ikalipa

Majira ya baridi mwaka jana niliteleza kwenye barafu mlangoni kwangu hapa Minneapolis, nikadondokea mkono wa kushoto, MRI ikaonyesha labramu imechanika, ule mzunguko wa gegedu unaozuia kichwa cha mfupa kisitoke kwenye kikombe chake. Nikafanyiwa atroskopi, yaani upasuaji wa kamera ndogo, vitundu vitatu vidogo, jioni niko nyumbani.

Wiki kama sita baadaye barua ya bima, hatulipi. Zaidi ya dola 30,000! Mke wangu akasema baba watoto, usitoe hata senti mpaka ujue wanakudai nini.

Kuna dada wa kanisani kwetu anafanya kazi ya bili za hospitali, akaniambia usianze kugombana na bima, nenda hospitali uombe bili ya mstari kwa mstari na ripoti ya operesheni aliyoandika daktari, ni haki yako kabisa.

Zilipokuja tukakaa nazo mezani. Mstari wa upasuaji una namba ya huduma 29807-LT, maana yake kushona labramu ya juu, ile wanaita SLAP, na LT ni kushoto. Akasema kuna jirani yake 29806, ya kukaza mfuko wa bega linalotoka-toka, watu wanazichanganya sana maana zote zinagusa labramu, kwa hiyo angalia daktari kashona wapi. Yangu iliandikwa nanga mbili za nyuzi, yaani vishikizo vinavyofunga nyuzi kwenye mfupa, juu kabisa pale mshale unaposimama saa sita, basi 29807 ndiyo yenyewe. Ila kulikuwa na 29822 pia, kusafisha kidogo ndani ya bega hilohilo, hiyo kwa kanuni za Medicare, bima ya serikali ya Marekani, ambazo bima nyingi zinafuata inamezwa na ushonaji, hailipwi peke yake.

Tukashuka kwenye namba ya ugonjwa. S43.431A. Dada akaweka kidole, akanyamaza. Ile 1 kabla ya A ni bega la kulia jamani! Kushoto ni 2, S43.432A. Kwa hiyo bima wanasoma mtu kaumia kulia kashonwa kushoto, watalipaje?

Nikapiga simu ofisi ya bili, nikaomba warekebishe na watume tena na alama ya 7, yaani dai hili linachukua nafasi ya lile la mwanzo, maana likienda kama jipya bima wanalirudisha eti limetumwa mara mbili. Kila simu niliandika tarehe, jina la niliyeongea naye, namba ya mazungumzo. Na rufaa nikaipeleka bima hukohuko, sikusubiri, kwa sababu una siku 180 tu tangu wakukatalie na hospitali haina haraka na siku zako.

Mwezi ukapita wakalipa. Bili mpya haina 29822, nikalipa sehemu yangu basi. Ile ya kwanza ninayo kabatini, hiyo 1 nimeizungushia kalamu nyekundu.