Feni, kiboksi na chandarua cha bibi

Hii ilikuwa 2019, nakaa kwa bibi, Kirumba ya Mwanza, chumba cha uani, juu bati tupu hakuna dari, saa nane mchana mle ndani unakaanga dagaa bila jiko. Kuna ofisi mjini ilikuwa inaondoa vikompyuta vyake vya zamani, vile vidogo wanaita thini klayenti, kazi zote zinafanyika kwenye seva, kompyuta kubwa ya ofisi, chenyewe kinaonyesha tu kwenye skrini. Nikabeba kimoja kwa elfu kumi na tano.

Watu wa magemu ya zamani wanavipenda hivi vidude na wana sababu. Changu ndani kilikuwa na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, AMD Geode NX ya 1 GHz, ukoo mmoja na prosesa za Athlon, inakula wati 6 tu, na kinakubali Windows 98 bila ubishi, kwa hiyo Quake ya 1996 na FIFA 98 zinateleza tu. Halafu hakina feni, kimya kabisa, unasikia mpaka mitumbwi ya injini ikirudi Mwaloni.

Siku ya tatu dogo anacheza FIFA, yuko dakika ya 70 anaongoza moja bila, picha ikaganda, sauti inajirudia kama cherehani. Zima washa, dakika kumi tena hivyo hivyo. Nikagusa ubavu wa boksi nikautoa mkono haraka. Na kusema kweli boksi halina kosa, limetengenezwa lisimame wima kwenye ofisi yenye AC, hewa ya moto ipande itokee kwenye matundu ya juu, mimi nimelilaza mezani chini ya bati. Nilipofungua, ile grisi kati ya prosesa na hitisinki, kile chuma chenye mapezi cha kuipoza, imekauka imekuwa kama unga wa muhogo. Nikafuta nikapaka mpya, nikalisimamisha, ikasaidia kidogo ila mechi mbili mfululizo bado ilikuwa haitoboi.

Nikaenda Makoroboi kwa jamaa wa skrepa, nikamwambia kaka nataka feni, akanichomolea ya milimita 80 kwenye pawasapulai iliyokufa, buku mbili. Ni ya volti 12 lakini sikutaka kelele, nikakata waya wa USB, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nyeupe na kijani nikazifunga na tepu zisigusane, nikachomeka nyuma ya boksi. Kwa volti 5 ilisita, ikatikisika, ikaanza kuzunguka taratibu. Hizi feni sio zote zinaamka kwa volti 5, nyingine mpaka uisukume kwa kidole.

Ndani haiingii, nikaifunga nje kwenye matundu ya ubavuni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli niliokata vipande vinne, kila kona kimoja. Mpira ule ni mtamu kuliko skrubu maana unameza mtikisiko. Upepo wa feni hizi unatokea upande wenye stika, kwa hiyo nikageuzia stika kwenye boksi, upepo upige mapezi ya hitisinki moja kwa moja. Usiku huo tulicheza ligi nzima, boksi la baridi kama sato wa kwenye barafu, mimi najiona injinia.

Nilichosahau ni ziwa. Mwezi ulikuwa umeandama, na watu wa huku mnajua mwezi ukiandama vile vidudu vinapanda kutoka majini kama moshi, vinafuata taa. Dirisha wazi, skrini inawaka, feni inavuta. Upande wa Malawi wanavikusanya wanapika mikate, wanaita kungu, mimi nilipika yangu bila kutaka. Asubuhi boksi linazima tena, nafungua, katikati ya mapezi kuna uji mweusi wa vidudu vimeshikana, harufu ya samaki wa juzi. Nilikaa nusu saa nautoa na mswaki.

Bibi akapita mlangoni akaniuliza, "Mjukuu wangu, hicho nacho kinaumwa?" Nikamwambia shikamoo bibi, hakiumwi, vidudu vimeingia. Akaenda zake.

Nikaona dawa ni wavu. Chandarua changu kilikuwa na matundu mpaka aibu, kwa hiyo nikaingia kwa bibi alipoenda sokoni, nikakata kona ya chini ya chandarua chake, ile inayochomekwa chini ya godoro, nikasema hataiona. Nikaikunja mara mbili nikaivalisha feni, tyubu ikaikamata vizuri kabisa.

Aliiona usiku ule ule. Akaja na koroboi mpaka uani, akamulika boksi, akaangalia feni inavyozunguka ndani ya chandarua chake.

"Kwa hiyo feni nayo inaogopa malaria?"

Dogo akacheka mpaka akafungwa bao. Mimi kesho yake nilitumwa kununua uzi.