Nilivyochagua gari la siti saba kwa milima ya Mbeya

Nyumbani tuko sita, mama mkwe akija tunatimia saba. Likizo ni Makete: Uyole, Isyonje, halafu mlima kuelekea Kitulo. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta gari sikuuliza lipi linakula mafuta kidogo mjini. Niliuliza lipi litapanda likiwa limejaa watu.

Haibridi, yaani gari la mafuta na umeme wa betri, niliitamani, ila za siti saba zilizokuwa ndani ya uwezo wangu ni Toyota Kluger za 2005 hadi 2007. Betri ya umri huo hapana, na gari lililozeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu.

Nissan X-Trail ya siti saba ilinivutia kwa ushuru. Injini yake ya petroli haifiki cc 2,000, hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, wakati Toyota Prado, ambayo injini yake ni kubwa zaidi, inatozwa asilimia 10. Lakini siti zake za nyuma kabisa ni za watoto, na mama mkwe wangu si mtu wa kukunjwa.

Zikabaki Prado mbili, ya petroli ya lita 2.7 na ya dizeli ya lita 2.8. Hapo ndipo nilipoumiza kichwa, maana ya dizeli bei yake imechangamka.

Shemeji ana ya petroli. Nikaiazima, tukajaa wote, tukaelekea Isyonje. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Kitulo inapita 2,600. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, kama hii ya petroli, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Gari lilifika, siwezi kulisingizia, ila gia zilishuka kila kona na injini ililalamika njia nzima. Ile ya dizeli mwenyewe alikubali tuijaribu kwenye mlima wa barabara ya Chunya, na watu ndani. Ilipanda huku tunaongea kwa sauti ya kawaida. Nguvu yake ya kuvuta ni Nm 450 dhidi ya 246 za petroli, tena inapatikana injini ikizunguka polepole, na tabo inairudishia hewa ambayo mlima umeipunguza.

Fundi wangu hakufurahi haraka. “Mama, dizeli za siku hizi hazitaki kwenda sokoni na kurudi tu.” Kwenye ekzosi kuna chujio la masizi, na hujisafisha kwa kuyachoma injini ikiwa ya moto, kwa mwendo mrefu. Ukizunguka mjini tu, linaziba. Mimi kila wiki nafuata viazi Makambako, kwa hiyo hilo halikunitisha. Kilichonisumbua ni AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli kinachojazwa kwenye tangi lake, maana Prado hizi za Japani zinaihitaji, na ikiisha ukizima injini haiwaki tena. Nikazoea kubeba dumu la akiba.

Nikachukua ya dizeli. Ukiinua siti za nyuma buti linabaki la mikoba tu, kwa hiyo nilifunga keria, magunia yanakaa juu.

Mdogo wangu anayekaa Forest, hapa Mbeya mjini, naye anataka Prado. Safari zake ni shuleni, kazini na soko la Mwanjelwa. Nimemwambia achukue ya petroli.