Neo-soul yenye utani, kwa bendi za Mtwara

Neo-soul, yaani soul ya kisasa iliyochanganyika na hip-hop na jazi, ikiwa na jazi ya kizamani inachekesha kwa sababu kuna mtu anachelewa makusudi. Ukiweka kila noti mahali pake, unabaki na muziki wa kusubiria pilau harusini.

Mwendo uwe mapigo 88 kwa dakika. Kila pigo ligawe mara tatu: noti ya kwanza ichukue sehemu mbili, ya pili moja. Kiki, dramu kubwa ya mguu, ikae kwenye pigo; sneya, dramu ndogo kali, ichelewe pigo lake kidogo sana. J Dilla, mtayarishaji wa hip-hop wa Detroit, alisifika kwa kuacha drams za mashine bila kunyooshwa zikae sawasawa na pigo, na wapiga drams wa neo-soul wakaiga kwa mikono. Kama huna brashi za kupigia drams, njiti ishirini hivi za chelewa zilizofungwa kwa mpira zinatosha. Zisiwe kavu mno, zitakatikia juu ya ngozi.

Tatizo kubwa kwetu ni sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu. Mpiga solo aliyekulia kwenye dansi akiona nafasi anaijaza. Mwambie aache mapigo manane yapite bila yeye.

Kwenye kinanda, zima staili zote (midundo inayojipiga yenyewe), chagua piano ya umeme, ekwo iwe chini. Tuseme mko kwenye ufunguo wa C. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya Dm9 ipige F, A, C, E. D yenyewe mwachie besi. Kanisani ungekwenda kodi ya G7. Hapa teleza: F, A flati, B, E flati, besi ikiwa D flati, kisha utue E, G, B, D juu ya besi ya C. Fuatilia vidole: kwanza F inabaki, vingine vinashuka nusu toni, halafu B inabaki, vingine vinashuka tena. Sikio lilikuwa linangoja G. Besi akijisahau akaipiga G hiyo, haiharibiki, inakuwa kali tu. Ila wewe ukishika G7 ya kawaida naye yuko D flati, D yako itagongana naye na ukumbi mzima utasikia. Usiufanye mchezo huu kila mzunguko. Mara moja katika minne yatosha.

Besi iwe butu: ingiza sifongo chini ya nyuzi karibu na daraja, iziguse bila kuzinyanyua. Ikizinyanyua, noti zinapanda. Na nyuzi zifutwe baada ya kupiga, hewa ya chumvi hapa hailazi damu.

Mwimbaji sasa. Mstari kama “Korosho nimebangua, kumbe ulitaka ganda” kichekesho chake kiko kwenye neno la mwisho, maana ganda la korosho lina mafuta yanayobabua mikono, nani alitake? Baada ya “ulitaka” bendi nzima inyamaze mapigo mawili, aseme “ganda” peke yake, karibu na maiki, kwa sauti ya kuongea. Drams zirudi pigo linalofuata. Kinanda akiingia mapema hapo, na huwa anaingia, neno linafunikwa.