Kobe kwanza, sungura baadaye

Jana nimeingia na skuta yangu ya umeme, ile ya kukalia ya sisi tusioweza kutembea vizuri, Chinangali Park, hapa Dodoma, wajukuu wawili mbele wananifungulia njia kama msafara wa waziri 😂 Tangu magoti yagome, sikukuu nilikuwa nazimalizia kwenye benchi, nalinda viatu na mifuko ya ubuyu.

Kwenye usukani kuna kitufe cha kuzungusha cha kupangia mwendo: upande huu picha ya kobe, ule wa sungura. Nilianza na kobe. Ukiachia akselereta inasimama yenyewe. Ukirudi nyuma inalia pii pii pii, watu wakageuka, mimi nikajifanya sioni. Mama mmoja akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Nikampungia kwa mkono mmoja, nikajua nimeshakuwa dereva.

Adui ni mchanga. Gurudumu la mbele lilizama, mjukuu akasukuma wee, wapi. Nikamwonyesha kishikio cha nyuma kinachoachanisha mota na magurudumu, ndipo ikasogea. (Kwenye mteremko msikiguse, breki inakuwa haipo!)

"Bibi, weka sungura!"

Nikaweka. Kofia ikabaki nyuma na upepo wa Dodoma.