Mtoto wa Jicho Si Utando: Habari za Lenzi

Katika sehemu zote za jicho, hakuna inayonistaajabisha kuliko lenzi, na hakuna inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi ninaozungumza nao wanaamini kwamba mtoto wa jicho ni utando unaoota juu ya jicho, na kwamba utando huo unaweza kuyeyushwa kwa matone au kwa maji ya majani fulani. Imani hiyo inaumiza watu. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni zinaweza kuunguza konea, yaani kile kioo cha mbele, na kuiacha na kovu jeupe, ilhali ugonjwa wenyewe uko nyuma yake, ndani ya lenzi, na hakuna tone linaloweza kuuondoa.

Nuru inayoingia jichoni hupindwa kwanza na konea, ambayo hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kuikusanya miale iangukie kwenye retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea nuru. Anayefumbua macho chini ya maji ya bahari huona ukungu kwa sababu maji na konea hupinda nuru kwa kiasi kinachokaribiana, na hivyo nguvu ya konea karibu yote hupotea. Lakini konea haibadilishi umbo; inayobadilika ili tuone karibu na mbali ni lenzi, iliyoko nyuma ya mboni. Tunapotazama mbali, nyuzi nyembamba zinazoishikilia huivuta ikawa bapa, na tunapotazama karibu, msuli unaoizunguka hujikaza, nyuzi zikalegea, nayo ikajikusanya na kuwa nene. Mwaka 1801 Thomas Young wa Uingereza alilithibitisha jambo hili kwa kulijaribu jicho lake mwenyewe: aliifuta nguvu ya konea kwa kulifunika jicho kwa maji yaliyozuiwa na lenzi ndogo ya kioo, akakuta kwamba bado anaweza kuona karibu na mbali.

Ili nuru ipite bila kizuizi, lenzi haina hata mshipa mmoja wa damu. Chakula chake hukipata katika majimaji yaliyo mbele yake. Chembe hai zinazoiunda, zinapokomaa, hutupa viini vyao, yaani sehemu yenye maelekezo ya kuunda protini, na kubaki zimejaa protini ziitwazo kristalini, zilizopangwa kwa ukaribu mno kiasi kwamba nuru hupenya bila kutawanyika. Hapo ndipo ilipo gharama yake, na ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alijue: chembe isiyo na kiini haiwezi kujitengenezea protini mpya. Lenzi huongeza tabaka jipya kwa nje maisha yote, wala haitupi ya zamani, kwa hiyo kitovu cha lenzi ya bibi wa miaka 80 kimeundwa na chembe zilizofanyika kabla hajazaliwa.

Kadiri miaka inavyokwenda, lenzi hiyo hukakamaa. Kuanzia miaka 40 na kitu mtu huanza kulisogeza gazeti mbali na uso, na anayehitaji miwani ya kusomea wakati huo hana ugonjwa wowote. Baadaye protini zilizochakaa hushikana mafungu, nuru ikatawanyika, na huo ndio mtoto wa jicho. Kisukari, uvutaji wa sigara, mionzi ya jua, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huuharakisha.

Wachanga nao huupata, kwa mfano pale mama anapougua rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele, akiwa na mimba changa. Mboni ya mtoto mchanga ikionekana nyeupe, apelekwe hospitali bila kungoja, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo na nafasi hiyo hairudi, na pia kwa sababu weupe huo unaweza kuwa saratani ya retina.

Mama yangu aliambiwa na majirani asubiri mpaka mtoto wa jicho "aive". Ushauri huo ni wa zamani, enzi za upasuaji wa namna nyingine. Siku hizi mtu hufanyiwa upasuaji pindi uoni unapomzuia kufanya shughuli zake. Lenzi iliyoachwa mno huwa ngumu kuitoa, na inaweza hata kuvimba na kusababisha presha ya jicho.

Upasuaji huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia ndani ya mfuko wake uleule. Aliyeianzisha lenzi hiyo ni Harold Ridley, mjini London, mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za kivita, vilivyoingia katika macho ya marubani, vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Kabla ya upasuaji, urefu wa jicho na mkunjo wa konea hupimwa ili kuchagua nguvu ya lenzi inayomfaa mgonjwa huyo.

Lenzi ya kawaida ya bandia haibadiliki umbo, kwa hiyo wengi huhitaji bado miwani ya kusomea. Kwa baadhi yao, miezi au miaka baadaye, mfuko ulioachwa nyuma yake huingia ukungu nao wakadhani ugonjwa umerudi. Haujarudi: daktari hufungua tundu katika mfuko huo kwa leza, na mgonjwa huenda nyumbani siku ileile.