Jinsi nilivyomrudishia mama vitabu vyake kwa sauti

Mama alifundisha Kiswahili shule za msingi mkoani Tanga kwa miaka 35, na nyumbani kwake Ngamiani kuna kabati la vitabu ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulifungua kabla ya kunawa mikono. Mwaka 2021 akaanza kusema herufi zinamkimbia. Akawa anajigonga kwenye fremu za milango, na chai anaimimina pembeni ya kikombe. Sote tulidhani ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa mtu akaona tena. Tulikwenda hospitali na tumaini hilo. Daktari alipompima akasema ni presha ya macho. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeumia kidogo kidogo kwa miaka, uoni wa pembeni ukitangulia kuliwa bila mwenyewe kujua, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone ya kila siku yangelinda kile kilichobaki. Kilichobaki hakikutosha kusomea.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani aliuliza swali moja tu: "Sasa vile vitabu nitavifanyaje?"

Mimi naishi Mbagala, natunza hesabu za stoo moja Kariakoo. Niliporudi Dar nilianza kutafuta vitabu vya sauti nikiamini vitakuwa tele. Vya Kiingereza ni vingi mno. Vya Kiswahili nilikuta hadithi za watoto, mawaidha, na simulizi za mapenzi zinazosomwa mbio mbio huku muziki ukipigwa chini yake. Vile vilivyomo kabatini mwa mama sikuvipata hata kimoja.

Nikajaribu kuifanya simu isome. Unapiga picha ukurasa, programu inageuza picha kuwa maandishi, kisha sauti ya mashine inayatamka. Kwa barua ya benki inafaa kabisa. Kwa riwaya, mama alisikiliza kurasa mbili akasema, "Huyu hajui anachokisoma." Nilidhani analalamikia ile sauti ya bati, kumbe alikuwa amesikia kitu mahususi. Kwenye ukurasa ule palikuwa na neno barabara. Ukikaza sauti pa kawaida, ba-ra-BA-ra, umetaja njia ya magari. Ukikaza nyuma kidogo, ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa. Walakini nalo ni vivyo hivyo: wa-LA-ki-ni ni lakini, wa-la-KI-ni ni kasoro. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo. Msomaji anaijua kwa sababu macho yake yameshatangulia mbele akaona sentensi inaelekea wapi. Mashine ile ilikaza pale pale kila mara, na kila mara mama alitolewa ndani ya hadithi akatupwa nje.

Mpwa wangu anayeishi naye alimsomea kwa wiki mbili. Ni mtoto mwema, lakini anatoka shule kachoka, na mitihani ilikuwa karibu. Nikaamua nitasoma mwenyewe, nirekodi, nitume.

Nilianza vibaya. Nilirekodi saa nne usiku, baada ya kazi na foleni ya Barabara ya Kilwa, feni ikizunguka juu yangu. Nilituma sauti ile, na asubuhi mama akanipigia. Baada ya kuitikia shikamoo yangu akasema, "Mwanangu, jana ulikuwa umechoka. Ukichoka usinisomee, maana nasikia." Feni nayo ilisikika kama mvua isiyokatika. Nilijifunza kwamba sikio linapokea vyote: uchovu, njaa, haraka, hata kama umekaa umejikunja. Kitabu cha karatasi hakimwambii msomaji kwamba aliyekichapa alikuwa na usingizi.

Sasa narekodi saa kumi na moja alfajiri, baada ya adhana na kabla daladala hazijaanza kupiga honi. Feni nazima, dirisha nafunga, na joto navumilia. Chumba kitupu hurudisha mwangwi, kwa hiyo nasimamisha godoro la wageni ukutani nyuma ya simu na kutundika kanga mbili nzito pembeni. Simu naiweka shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, upande kidogo, si mbele kabisa, la sivyo kila P na B inapiga kama kofi. Nakunywa maji ya uvuguvugu. Chai ya maziwa niliiacha kwa sababu inanata kooni na sauti inakuwa na utando. Nikikosea sisimamishi. Napiga kofi moja, narudia sentensi tangu mwanzo, naendelea. Baadaye nikifungua sauti kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, isiyouzwa, kila kofi linaonekana kama mwiba mrefu, nami naenda moja kwa moja kwenye kosa nalikata. Hila hiyo peke yake ilinipunguzia nusu ya kazi.

Hata hivyo kazi ni kubwa, na anayetaka kuianza aijue. Ukurasa wa riwaya kwa mwendo anaoupenda mama ni dakika mbili na nusu hadi tatu. Kitabu cha kurasa 120 ni saa tano na ushee za sauti, na kwangu ni kama saa 12 za kukaa, kurudia na kusafisha. Nafanya dakika 40 kwa siku, siku nne kwa wiki.

Kumpelekea nako kulihitaji akili. Simu ya kupangusa hawezi tena, kioo hakina kitu cha kushika. Nilimnunulia redio ndogo ya memori kadi, yenye vitufe vya kubonyeza vinavyosimama, nikabandika kipande cha plasta juu ya kitufe cha kuwashia na vipande viwili juu ya cha kwenda mbele. Redio ile ikizimwa haikumbuki ilipoishia ndani ya faili, inarudi mwanzo wake. Mara ya kwanza nilimpelekea sura nzima kama faili moja la dakika 70, akawa anasikiliza dakika kumi zile zile kila usiku. Sasa nakata vipande vya dakika 15 na kuvipa namba, 001, 002, 003, na mwanzo wa kila kipande nataja kitabu na namba. Natumia MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde. Saa nzima haifiki MB 30, na sauti ya mtu mmoja haihitaji zaidi. Kadi naifunga kwenye bahasha, naikabidhi kwenye basi la asubuhi, na mpwa wangu anaichukua stendi mchana.

Kitabu cha kwanza kilichofaulu kilikuwa *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Mama alikichagua mwenyewe, kwanza kwa kuwa mwandishi ni wa huku huku Tanga, mzaliwa wa Vibambani, na pili kwa sababu ambayo niliijua tu baada ya kuanza. Kitabu kile, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951, karibu chote ni mtu anayesema mbele ya watu wanaomsikiliza: Karama ameshtakiwa, anajitetea barazani mbele ya mfalme kwa siku sita, na anasimulia habari za wajumbe sita. Nilipokuwa nakisoma kimya sekondari kilinichosha kwa sentensi zake ndefu. Nilipokitamka, pumzi ilijua pa kusimama. Sentensi ambayo jicho langu liliiona kama msitu, mdomo uliigawa wenyewe. Nilimtumia mama kila mjumbe peke yake, na yeye alimsikiliza mmoja kila jioni, akishatiwa matone na kulala macho yamefumbwa kama alivyoelekezwa.

Kitabu cha tatu hakikufaulu. Kilikuwa cha historia ya pwani, chenye miaka, majina ya masultani yanayofanana, na jedwali katikati. Jedwali husomi kwa mdomo. Nilijaribu kulisoma safu kwa safu, na mama akanipigia akasema amepotea tangu kipande cha nne. Kwenye karatasi mtu hurudi nyuma kurasa tatu, anaweka kidole, analinganisha. Sikio haliwezi kushika kurasa mbili kwa mara moja. Niliacha kukirekodi, na badala yake kila Jumapili nampigia simu tunakipitia kwa mazungumzo, anauliza, mimi nafunua.

Hapo ndipo aliponikumbusha jambo ambalo nilikuwa nikilisikia tu kama habari za zamani. Mwaka 1973, kabla hajaajiriwa ualimu, aliongoza kikundi cha Mtu ni Afya kijijini. Kampeni ile ya elimu ya afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili nchi nzima, na iliendeshwa kwa redio na kitabu pamoja. Kikundi kilikaa chini ya mwembe, kikasikiliza kipindi, kisha anayejua kusoma akasoma kijitabu kwa sauti, kisha watu wakajadili na kukubaliana watafanya nini, kuchimba choo au kufyeka nyasi. "Sisi hatukuulizana kipi bora," aliniambia. "Redio ilisema mara moja ikanyamaza. Kitabu kilibaki."

Nimewahi kuambiwa na rafiki yangu mpenzi wa vitabu kwamba mama hasomi, anasikiliza tu. Lilinichoma. Kwetu pwani maulidi husomwa. Mmoja anasoma, msikiti mzima unasikiliza na kuitikia, na wote wakirudi nyumbani wanasema wametoka kusoma maulidi. Hakuna anayewaambia hawakusoma. Utenzi nao uliandikwa ili utiwe sauti: mizani nane kila mstari, vina vya mistari mitatu vikifungamana, na kina cha nne kikirudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Kwa macho unaviona vina hivyo. Kwa sikio unavisubiri. Mama anajua beti nyingi za utenzi wa Mwana Kupona kwa moyo, ule ambao mwanamke wa Pate aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake mnamo mwaka 1858, na nilipomrekodia alinipigia kunirekebisha mahali pawili nilipoharibu mizani kwa kutamka lahaja ya Kiamu kwa ulimi wa Mbagala.

Mimi mwenyewe nimebadilika. Kabla ya kutuma, nasikiliza kila kipande kwenye daladala nikienda kazini, na nashangaa mambo niliyoyaruka. Jicho langu limezoea kuvuka mstari likaendelea kana kwamba limeusoma. Nikisoma kimya naelewa haraka na nasahau haraka. Nikisikiliza nashika sauti za wahusika lakini majina ya mahali yananiponyoka. Nikisoma kwa mdomo, nikijua kuna mtu atakayesikiliza, hakuna kinachoruka, kwa sababu kila neno lazima lipite kinywani. Mwaka jana nilisoma vitabu saba tu kwa njia hii, na vyote saba naweza kukusimulia.

Jirani wa mama, mzee mmoja asiyeona tangu ujanani, aliomba nakala. Nilisita, maana vitabu vile vina wenyewe, na waandishi wetu hawapati kingi hata hicho kinachouzwa. Nilisoma habari za Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika 30 Septemba 2016, unaozitaka nchi wanachama ziruhusu nakala zinazofikika kwa watu wasioona. Natamani sana maktaba zetu zifanye kazi hiyo kwa upana, kwa wasomaji wenye sauti nzuri kuliko yangu. Kwa sasa sijaweka chochote mtandaoni. Mama alipata njia nyingine: jioni redio inatolewa barazani, mzee anakuja na mkongojo wake, na baada ya kipande wanabishana hadi saa ya matone.

Karatasi haijaondoka katikati yetu. Mama aliniomba nitaje namba ya ukurasa kila ninapofunua. Nilidhani ni kwa ajili ya kujua pa kurudia. Mpwa wangu akaniambia kwamba bibi akisikiliza anachukua kitabu chenyewe kutoka kabatini, ananawa mikono kwanza, anakipakata, na nikitaja ukurasa anafunua.

Kwa hiyo nilinunua nakala nyingine za kusomea, isipokuwa *Kusadikika*, ambayo nilikuwa nimeichukua ya kwake. Ina maandishi yake ya penseli pembeni, ya miaka aliyokuwa akifundisha. Mara ya kwanza niliyaruka. Alinipigia akauliza, "Na yale yangu?" Nikarekodi upya, na kila nilipofika penye penseli nilisema, pembeni umeandika hivi. Penye utetezi wa siku ya pili alikuwa ameandika: "Karama anasema mno."

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kumrudishia kitabu. Alikisikiliza tena akikipakata, akaniambia nisimamishe redio hapo hapo.

"Hasemi mno," akasema. "Andika."

Nikamwuliza nifute ya zamani.

"Iache. Andika chini yake, na uweke tarehe."

Nikachonga penseli, nikaandika, nikamsomea. Akaniuliza kama mwandiko wangu unasomeka, nikamwambia unasomeka, naye akatafuta kile kitufe chenye plasta moja.